UZI: Unataka kumtaja hadharani aliyekunyanyasa kingono? Panga kazi kwa mpangilio huu kwanza

Kaunta Buku (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya miezi michache jina la mhadhiri, bosi au mchungaji fulani linaanikwa mtandaoni. Siku ya kwanza watu wanachemka. Siku ya tatu aliyeandika amefuta. Wiki ya pili analetewa notisi ya wakili, na aliyetajwa yuko ofisini kwake anakunywa chai. Mara nyingi aliyeandika alisema kweli tupu, ila alianza na hatua ya mwisho.

Siungani na wanaosema mtu asitajwe kamwe, "nenda polisi basi". Watu hutaja majina kwa sababu barua zao zimelala kwenye droo, na kwa sababu mnyanyasaji mmoja huwa na msururu wa watu nyuma yake, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Jina likitoka, wengine hujitokeza. Faida hiyo hakuna ofisi inayoweza kuileta kwa kasi ile. Ila mwenye kutaja anabaki mwenyewe uwanjani, na lazima ajue atasimama juu ya nini.

Kumbukeni Novemba 2018. Rais Magufuli alikuwa UDSM kuzindua maktaba mpya, na Dk. Vicensia Shule, mhadhiri palepale, akamwandikia kupitia Twitter kuhusu rushwa ya ngono chuoni hapo. Hakutaja jina la mtu hata mmoja. Hata hivyo aliitwa na kamati ya maadili ya chuo. Ikiwa aliyetaja tatizo peke yake aliitwa kujieleza, anayetaja mtu ajiandae zaidi.

Sasa tuingie kazini.

*Daftari.* Nunua kaunta buku, si karatasi za kuchanika. Andika namba za kurasa kwa mkono, tumia kalamu ya wino, usiruke ukurasa, usichane, usifute kwa wino mweupe. Ukikosea piga mstari mmoja neno lisomeke, kisha endelea. Kila tukio liwe na tarehe, saa, mahali (jengo, chumba, mlango ulikuwa wazi au umefungwa), maneno yake kama alivyoyasema, waliokuwepo au waliopita, na ulichofanya baada ya hapo. Andika siku hiyohiyo. Maelezo yaliyoandikwa usiku wa tukio yana uzito ambao maelezo ya miezi sita baadaye hayana, hata yakiwa na maneno yaleyale.

*Mtu wa kuambiwa.* Mweleze mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, ikiwezekana kwa meseji ili ibaki na saa yake. Huyo ndiye shahidi wako wa baadaye. Hakuona tukio, sawa, lakini ataeleza ulimwambia nini na lini, kabla hujawa na sababu yoyote ya "kutafuta umaarufu", maana hilo ndilo utakalotupiwa la kwanza.

*Meseji.* Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Skrinishoti inayoonyesha juu jina "Dokta Fulani" haithibitishi chochote, kwa sababu jina hilo uliliandika wewe kwenye simu yako. Gusa jina, fungua ukurasa wa taarifa zake namba ionekane, piga picha ya hapo pia. Hakikisha tarehe inaonekana juu ya mazungumzo. Kama inasomeka "Leo" au "Jana", piga tena baada ya siku chache itakapokuwa tarehe kamili. Usikate kingo za picha. Usipige meseji yake moja uache zako tatu zilizotangulia, kwa sababu atakayetoa hizo tatu ni yeye, na ataonekana wewe ndiye uliyeficha.

*Barua.* Kabla ya kutaja hadharani, kuwe na karatasi iliyopokelewa mahali. Chapa barua nakala mbili, peleka masjala, ya kwako ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kupiga mhuri, mpokeaji aandike jina, asaini na kuweka tarehe kwenye nakala yako au kwenye daftari la dispachi. Akikataa na hilo, tuma kwa barua pepe siku hiyohiyo na utaje ndani yake kwamba nakala ya mkono ilikataliwa masjala saa fulani. Kama mnyanyasaji ndiye mkuu wa idara, barua haiendi kwa mkuu wa idara. Inapanda ngazi moja, nakala kwa Dawati la Jinsia la chuo au kwa afisa rasilimali watu. Wape siku maalumu za kujibu, mfano 14, na uziandike ndani ya barua.

*Maandishi yenyewe.* Tofauti iko hivi.

Isiandikwe: "Fulani ni mbakaji, ameharibu mabinti wote wa idara ile na uongozi unamlinda."

Iandikwe: "Tarehe 14 Machi, saa 10 jioni, ofisini kwake, Fulani aliniambia alama zangu zitabadilika nikikubali kulala naye. Nilikataa. Tarehe 16 Machi alinitumia meseji nne, ninazo. Tarehe 20 Machi nilipeleka barua kwa mkuu wa kitivo, ikapokelewa kwa mhuri. Leo ni tarehe 30 Mei, sijajibiwa."

Ya kwanza ina tuhuma tatu usizoweza kuzibeba: ubakaji ambao haukutokea, "wote" ambao hujawahesabu, na "unamlinda", ambayo ni nia ya watu usiowahi kuingia vichwani mwao. Ya pili kila sentensi ina karatasi nyuma yake, na sentensi ya mwisho kuhusu barua kukaa bila jibu inauma uongozi kuliko tusi lolote.

Nakaribisha wenye ujuzi wa sheria na mitandao waongezee. Naomba tusitaje mtu yeyote ndani ya uzi huu.

---

Wakili Bila Joho

Mleta uzi umefanya kazi. Naongeza upande wa vifungu, kwa sheria za Tanzania.

Anayetajwa atakuja na moja kati ya fimbo mbili. Ya kwanza ni kashfa, yaani shauri la madai chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016: anataka fidia, uombe radhi, na amri usirudie. Ya pili ni kukuripoti polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Cha 23, unyanyasaji mtandaoni, kina kiwango hichohicho.

Soma vizuri "isiyopungua". Hakimu akikukuta na hatia hapo, milioni 5 ndiyo sakafu.

Lakini kifungu cha 16 kinataka uwe *ulijua* kwamba taarifa ni ya uongo au ya kupotosha, *na* uwe na nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kuhadaa umma. Ndiyo maana mtindo wa "tarehe, mahali, maneno" unakulinda, na matusi yanakuponza. Ukishaandika "mbwa huyu" umemkabidhi mwendesha mashtaka ushahidi wa nia yako bure. Cha 23 nacho: chapisho moja lenye maelezo ni jambo moja, kumtumia meseji thelathini usiku, kumwandikia mkewe na watoto wake, ni kosa jipya ambalo wewe ndiye mtuhumiwa.

Kwenye kashfa, ukweli ni utetezi, lakini wa kuuthibitisha ni wewe. Hapo ndipo wengi wanapigwa na butwaa. Walidhani yeye ndiye atathibitisha kwamba hakufanya.

Jambo ambalo wengi hawalijui: malalamiko uliyoyapeleka kwa nia njema mahali penye mamlaka ya kuyashughulikia, kama mwajiri, chuo, polisi au TAKUKURU, yana kinga ya namna yake dhidi ya kashfa. Maneno yaleyale ukiyabandika mtandaoni, kinga hiyo huibebi. Kadhalika Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda aliyetoa taarifa kwenye mamlaka husika, si aliyeitoa kwa umma. Kwa hiyo barua ya masjala ina kazi mbili: ni ushahidi, na ni mwavuli.

Vifungu vya kumshtaki yeye: Kanuni ya Adhabu, 138D, unyanyasaji wa kingono kwa maneno au vitendo, kifungo hadi miaka 5. Kama alitumia cheo kudai ngono ili akupe kazi, cheo, alama au haki yako, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote.

Tahadhari ndogo: namba zote nilizotaja ni zile zilizozoeleka. Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la 2023 limehamisha namba za baadhi ya vifungu. Ukiandika barua rasmi, hakiki namba kwenye toleo hilo kwanza.

---

Sauti ya Ubungo

Wakuu nawaheshimu, ila nyie mnaongea kama vile binti wa mwaka wa pili ana wakili na mashine ya kuchapa. Masjala yenyewe karani ni mjomba wa huyo mhadhiri. Barua ikifika tu, saa moja baadaye jamaa anayo mkononi na mitihani ni wiki ijayo. Afungue akaunti yenye jina bandia, amchane, basi. Walau wenzake wajihadhari.

---

Fundi Mitambo

Mkuu Sauti ya Ubungo, hoja ya karani ni ya kweli na nitairudia hapo chini. Hoja ya jina bandia siyo.

Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Akaunti "bandia" umeifungua kwa laini hiyo au kwa barua pepe iliyofunguliwa kwa laini hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao, kifungu cha 32, inaruhusu polisi kudai taarifa za mtumiaji kutoka kwa anayezihifadhi. Na kabla hata hawajafika huko, maelezo yako yenyewe yanakutaja: tukio lililotokea chumba fulani, siku fulani, baada ya kipindi fulani, anayelijua ni wewe na yeye. Mbele yake hujajificha, ila umejificha mbele ya wale ambao wangekusaidia. Na wanyanyaswaji wenzako hawatajitokeza kwa akaunti ya juzi yenye picha ya ua.

Nilinganishe na njia ya kati, ambayo inamfaa huyo binti wa mwaka wa pili. Barua haipiti kwa karani. Inatumwa kwa barua pepe kwenda anwani tatu kwa pamoja: Dawati la Jinsia la chuo, naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, na taasisi moja ya msaada wa kisheria nje ya chuo, mfano LHRC, TAWLA au WLAC. Anwani ya nje ikionekana kwenye orodha ya waliopokea, barua hupata miguu. Na ombi lako la kwanza ndani ya barua liwe karatasi zako za mtihani zisahihishwe na mtu mwingine. Ombi hilo dogo halihitaji chuo kiamue nani mkweli, kwa hiyo hawana kisingizio cha kulichelewesha.

Sasa utunzaji, kwa sababu hapa kesi hufia kimya kimya.

Kwanza angalia kama mazungumzo yenu yana kipima muda cha meseji kujifuta. WhatsApp ina saa 24, siku 7 na siku 90, na yeye anaweza kuwa alikiwasha bila wewe kugundua. Pili, anaweza kufuta meseji kwa pande zote hata zaidi ya siku mbili baada ya kuituma, kwa hiyo usiseme "nitapiga picha kesho". Picha za kutazamwa mara moja hazikubali skrinishoti. Chukua simu ya mtu mwingine upige picha kioo, na kingo za simu yako zionekane.

Tatu, rekodi video ya kioo chako: anzia orodha ya mazungumzo, fungua la kwake, gusa jina namba ionekane, rudi, kisha pandisha taratibu hadi mwanzo. Video ya namna hiyo ni ngumu kuitilia shaka kuliko picha moja moja, kwa sababu mtiririko haukatiki.

Nne, tumia chaguo la kuhamisha mazungumzo. Pamoja na picha na sauti linabeba hadi meseji 10,000, bila hivyo hadi 40,000. Faili hilo ni la maandishi matupu na yeyote anaweza kulihariri, kwa hiyo ni nyongeza tu. Ushahidi wenyewe ni simu. *Usiiuze, usiirudishe kama mpya, usibadili namba.* Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaifanya mahakama iangalie mambo haya: taarifa ilitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, uzima wake ulilindwaje, na mtumaji alitambuliwaje. Soma orodha hiyo, kisha jiulize skrinishoti iliyopita magrupu matano inajibu swali lipi.

Meseji za kawaida na rekodi za simu zilizopigwa ziko kwa kampuni ya simu, na wewe huwezi kuzidai mwenyewe kuhusu namba yake. Polisi au mahakama ndiyo wanaoziomba. Hawatunzi milele, ndiyo sababu nyingine ya kutochelewa kuripoti.

---

Mama Sera

Naomba niseme kuhusu rushwa ya ngono peke yake, kwa kuwa watu wanaichanganya na kutongozwa.

Kutongozwa na mtu ambaye hana chako mkononi, ukakataa akaacha, hiyo siyo. Rushwa ya ngono ina vipande vitatu: ana mamlaka, ana kitu ambacho ni haki yako au unakihitaji, na amekifunga kitu hicho kwenye ngono. Kipande cha tatu kikikosekana kwenye ushahidi wako, shauri linayumba. Hawa watu ni wazoefu, hawaandiki "lala na mimi nikupe alama". Wanaandika "wewe binti hujanielewa tu, ungenielewa mambo yangekuwa mepesi". Kwa hiyo swali lako la kujibu meseji liwe linalotaka maelezo: "Mwalimu, ili karatasi yangu isahihishwe upya nifanye nini?" Usimtege kwa kumwahidi, usimchokoze. Uliza unachotaka kukijua, mwache aandike mwenyewe.

Ukiwa na hizo, usimtaje hadharani kwanza! Piga 113, ni bure, au nenda ofisi ya TAKUKURU ya wilaya. Anayepanga mtego ni wao. Ukishamwanika mtandaoni umemtahadharisha: anafuta, anabadili laini, anaanza kukutumia meseji za heshima kama askofu. Mtego umekufa, na mtego ndio ushahidi mzito kuliko wote katika makosa haya.

Wala usiende mwenyewe kwenye chumba cha gesti "kumrekodi". Ukifungiwa mlango huko hakuna simu itakayokusaidia.

Na mjue kulikuwa na jaribio mwaka 2024 la kuingiza kwenye sheria kipengele ambacho kingemfanya na anayeombwa awe mkosaji. Wanaharakati wa Mtandao wa Kupinga Rushwa ya Ngono walikipigania na kikaondolewa. Msikubali mtu awatishe kwamba ukiripoti na wewe unashtakiwa.

---

Msomaji wa Hukumu

Niongeze kesi tatu za nje, zinaonyesha vizuri mleta uzi anachokisema.

India. Oktoba 2018 mwandishi Priya Ramani alimtaja M. J. Akbar, wakati huo waziri, kuhusu jambo la mwaka 1993. Akbar alimfungulia kesi ya jinai ya kashfa, kisha akajiuzulu. Tarehe 17 Februari 2021 mahakama ya Delhi ilimwachia huru Ramani. Miongoni mwa mashahidi wake alikuwemo rafiki aliyeambiwa habari ile wakati ule ule wa 1993, na mwanamke mwingine mwenye malalamiko yake dhidi ya mtu huyohuyo. Rudini kwenye "mtu wa kuambiwa". Miaka 25 baadaye huyo ndiye aliyesimama kizimbani upande wake.

Ufaransa. Oktoba 2017 Sandra Muller alimtaja mkurugenzi mmoja wa televisheni kwenye Twitter, akinukuu maneno aliyomwambia. Mwaka 2019 mahakama ilimwamuru alipe fidia ya euro 15,000. Ubishi mmoja mkubwa ulikuwa neno lenyewe "unyanyasaji", ambalo kisheria kule linadai jambo lililorudiwa au shinikizo zito, na yeye alikuwa anaeleza maneno ya siku moja. Machi 2021 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu ikikubali kwamba aliandika kwa nia njema, kwenye mjadala wenye maslahi kwa umma, na kwa msingi wa kweli unaotosha. Alishinda, lakini baada ya miaka mitatu na nusu. Maneno aliyoambiwa yangeweza kusimama yenyewe bila lebo.

Marekani, na hii ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Oktoba 2017 Moira Donegan alifungua jedwali la mtandaoni ambapo wanawake wa vyombo vya habari wangeandika bila majina yao wanaume wa kujihadhari nao. Nia ilikuwa kuonyana kimya kimya. Aliliondoa baada ya saa kama 12 tu, lakini lilishasambaa likiwa na majina zaidi ya 70. Lilikuwa wazi kwa kila mwenye kiungo kuandika, hakuna aliyeweza kuhakiki, na ndani yake meseji za ajabu ajabu zilikaa safu moja na tuhuma za ubakaji. Mmoja wa waliotajwa alimshtaki Donegan mwaka 2018, na walikuja kumalizana nje ya mahakama mwaka 2023. Aliyeshtakiwa ni mwenye jedwali. Walioandika hawakuwa na majina.

Kwa hiyo wanaofungua grupu la "tuwataje hapa", jina litakaloandikwa kwenye hati ya madai ni la admini.

---

Nyali Leo

Salamu kutoka Mombasa. Wenzetu wa Kenya wanaosoma, msinakili vifungu vya Tanzania.

Kwetu kosa la jinai la kashfa, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, Mahakama Kuu ililitupa Februari 2017. Imebaki ya madai, na muda wa kuifungua ni miezi 12 tu tangu kuchapishwa. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 27, ina adhabu nzito kwa usumbufu wa mtandaoni: faini hadi shilingi milioni 20 za Kenya au kifungo hadi miaka 10. Kwa hiyo kumwandama mtu kwa machapisho kila siku ni hatari kuliko kumtaja mara moja kwa utulivu.

Kazini, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Ombeni sera hiyo kwa barua pepe kabla ya kulalamika. Ikiwa hawana, jibu lao, au ukimya wao, ni ushahidi tayari.

---

Zuhura K

Swali kwa Wakili. Kwa Tanzania, aliyefukuzwa kazi baada ya kumkataa bosi anaanzia wapi? Na muda ukoje?

---

Wakili Bila Joho

Dada Zuhura, anaanzia CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Fomu ya kujaza ni CMA F1, na nakala lazima impate mwajiri kabla ya kuiwasilisha, ukiwa na uthibitisho kwamba ameipata.

Siku 30 zinakwisha haraka mno. Nimeona mafaili mengi yanayoomba kuongezewa muda kwa sababu mlalamikaji alitumia mwezi mzima kubishana kwenye maoni ya chapisho. Fungua CMA kwanza.

---

Nesi wa Zamu

Mmeongea meseji na barua. Kukiwa na kuingiliwa kwa nguvu, mpangilio ni tofauti kabisa: hospitali na polisi, siyo kalamu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge, asibadilishe nguo. Akishabadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, kwa kuwa unyevu unaharibu vielelezo. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inatoka polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, lakini aliyeumia asizuiwe matibabu ya dharura eti mpaka alete fomu. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii wako jengo moja.

Akiwa mtoto, piga 116. Na mtoto hatajwi wala mnyanyasaji wake hatajwi mtandaoni kwa namna yoyote itakayomtambulisha mtoto. Ukiandika "baba mdogo wa binti wa darasa la sita wa mtaa ule", umemtaja mtoto tayari.

---

Kaunta Buku

Asante Nesi. Nimalizie visivyobandikwa, kwa sababu nimeulizwa faragha na watu watatu.

Picha ya uchi aliyokutumia usiibandike hata ukiziba. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinahusu kuchapisha ponografia na hakiulizi nani aliituma kwanza. Ibaki kwenye simu, ipelekwe polisi.

Namba yake ya simu, nyumba anapoishi, picha za watoto wake, shule wanayosoma: visionekane kokote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na familia yake haikukufanyia kitu.

Jina lenyewe liambatane na cheo na taasisi ili asichanganywe na mtu mwingine. Majina yetu yanafanana mno. Ukiandika majina mawili ya kawaida na mtaa, kuna mwalimu wa watu asiyehusika ataamkia matusi. Hakiki herufi za jina kwenye tovuti ya taasisi au kwenye barua zake.

Chapisho likishatoka, funga sehemu ya maoni kama mtandao unaruhusu, au mweke rafiki ayasimamie. Wachangiaji watakuja na "huyu hata mimi namjua, ni muuaji", na maneno hayo yatakaa chini ya jina lako. Anayesema na yeye yalimpata, msimhoji hadharani. Mpe njia ya faragha, na muhimu zaidi, *msisimuliane kwa undani*. Kila mmoja aandike maelezo yake peke yake, ayasaini, ayawekee tarehe, ndipo mkutane kwa wakili. Maelezo ya watu wawili yakifanana hadi mkato na nukta, upande wa pili utasema mmepangana.

Notisi ya wakili ikija, kwa kawaida inakupa siku 7 au 14. Usiipige picha na kuibandika, usimjibu kwenye maoni, usifute chapisho kwa hofu usiku huohuo. Ipeleke kwa msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya wasio na uwezo. Ukigundua kuna sentensi moja uliyokosea, mfano tarehe, irekebishe kwa uwazi: "Nilisema tarehe 14, sahihi ni 15." Rekebisho la mapema humpunguzia hoja. Kufuta chote kimya kimya kunampa hoja.

---

Sauti ya Ubungo

Nimeelewa mkuu, na hiyo ya barua pepe yenye anwani ya nje naichukua kuipeleka kwa wahusika. Swali la mwisho: simu ikiibiwa je? Hapa mjini simu haikai.

---

Fundi Mitambo

Ndiyo maana unaandaa leo. Video ya kioo, picha zote na faili la mazungumzo viwe sehemu tatu: kadi ya kumbukumbu unayoiacha nyumbani, barua pepe yako, na barua pepe ya yule uliyemwambia siku ya tukio. Mtumie bila maelezo marefu, kichwa kiwe tarehe tu. Barua pepe ina saa yake ya kutumwa ambayo huwezi kuichezea, na hiyo inasaidia kuonyesha faili lilikuwepo hivyo tangu siku ile.

Simu ikiibiwa, ripoti polisi siku hiyohiyo upate karatasi ya upotevu yenye tarehe na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Andika IMEI sasa hivi, bonyeza *#06#, iandike ukurasa wa kwanza wa hilo kaunta buku. Laini irudishe kwa namba ileile, na WhatsApp ifungue kutoka kwenye nakala rudufu *kabla* ya kubonyeza kitu kingine chochote. Ukiruka hatua hiyo ukaanza upya, simu mpya ikija kutengeneza nakala yake inaifuta ya zamani.

Kama hujawahi kuwasha nakala rudufu, iwashe usiku wa leo ukiwa kwenye waifai. Chagua ijumuishe na video.